Safari ya Merikebu Sultana

Korbesa ni kijiji cha wafugaji katika upande wa Merti, kaunti ya Isiolo, katika nchi ambayo mto Waso Nyiro huipitia ukielekea mashariki. Mto huo huteremka kutoka nyanda za juu za Aberdare na mlima Kenya, hupungua nguvu kila unapozidi kuingia katika nchi kavu, na aghalabu haufiki baharini kabisa, bali hupotelea katika kinamasi cha Lorian. Mwalimu afundishaye historia katika nchi ya namna hiyo hupata taabu moja. Wanafunzi wake wanajua visima na malisho, wanajua bei ya ngamia na bei ya mbuzi, lakini miji mikubwa ya ng'ambo kwao ni picha tu; na siku hizi picha zenyewe zimo katika simu za mkononi, nazo hupita upesi kama vumbi la gari.

Siku moja nilitundika ramani ya dunia ukutani, nikawaonyesha wanafunzi mahali ulipo mji wa New York. Niliwaeleza ya kuwa mji huo una watu zaidi ya milioni nane, na ya kuwa lugha zisemwazo humo huhesabiwa kwa mamia. Mwanafunzi mmoja, ambaye desturi yake ni kukaa kimya, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, watu wa upande wetu wa dunia walifika huko kwanza lini?" Nilimjibu bila kufikiri ya kuwa walianza kwenda mwaka wa 1959, kwa ndege ya wanafunzi. Jibu hilo lilikuwa na kosa la miaka 119, na insha hii ndiyo masahihisho yake.

Tarehe 30 Aprili, mwaka wa 1840, watu wa New York waliona katika bandari yao chombo ambacho hawakupata kuona mfano wake. Kilikuwa ni merikebu ya vita yenye mizinga, imepakiwa bidhaa, na bendera iliyopepea juu yake ilikuwa nyekundu tupu. Mabaharia wake walivaa vilemba na kanzu, na wengine walikuwa watu weusi. Merikebu hiyo iliitwa Sultana. Iliundwa Bombay mwaka wa 1833, na mwenyewe alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Ilikuwa imetoka Maskati, ikapita Unguja kupakia shehena zaidi, kisha ikashika njia ya kusini. Mfereji wa Suez haujachimbwa wakati huo. Ulifunguliwa mwaka wa 1869. Basi kila chombo kilichotaka kutoka bahari yetu kwenda Marekani kilikuwa hakina budi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kisha kuikata bahari ya Atlantiki kutoka kusini hata kaskazini. Safari hiyo kutoka Unguja iliwachukua karibu miezi mitatu.

Mkubwa wa safari alikuwa Ahmad bin Naaman, wa ukoo wa Kaabi, katibu wa Seyyid Said mwenyewe. Mwongozi wa njia alikuwa Mwingereza aitwaye William Sleeman. Lakini aliyekabidhiwa mali, barua na heshima ya mtawala alikuwa Ahmad, naye ndiye aliyezungumza na wenyeji kwa niaba ya bwana wake. Huhesabiwa kuwa mjumbe wa kwanza wa dola ya Kiarabu kufika katika Marekani.

Yafaa tuulize sababu ya safari hiyo, maana mtu hapeleki merikebu upande wa pili wa dunia kwa kutembea tu. Mwaka wa 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani; mjumbe wa Marekani aliyekuja Maskati kwa kazi hiyo alikuwa Edmund Roberts. Kwa mkataba huo wafanyabiashara wa Kimarekani waliruhusiwa kuingia katika bandari za Seyyid Said kwa ushuru wa asilimia tano, na mwaka wa 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, alifika kukaa Unguja. Wamarekani hao wengi wao walitoka Salem, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Massachusetts. Watu wa Unguja waliuona mji wa Salem kuwa ndio Marekani yote, kwa kuwa kila merikebu iliyokuja ilitoka huko. Waliuza nguo na bunduki, wakanunua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na faida kubwa waliirudisha kwao. Seyyid Said alikuwa mtawala, lakini damu ya mfanyabiashara ilikuwa ndani yake pia. Aliona kwamba ikiwa Wamarekani waweza kuja kwake, yeye naye aweza kwenda kwao, auze mali yake katika soko lenyewe bila mlanguzi katikati. Sioni kwamba alikosea katika hesabu hiyo.

Orodha ya shehena ya Sultana imehifadhiwa, nami niliwasomea wanafunzi darasani. Kutoka Maskati kulikuwa na mifuko 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi na marobota 100 ya kahawa ya Moka. Kutoka Unguja kulikuwa na pembe za ndovu 108, makasha 81 ya sandarusi, mifuko 135 ya karafuu, na ngozi kavu 1,000 zilizotiwa chumvi. Orodha ya namna hii hudhaniwa kuwa ni jambo kavu lisilo na ladha. Lakini kila kitu kilichoandikwa humo kilikuwa na mtu nyuma yake. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale uliofukuliwa ardhini katika mrima. Wamarekani waliufanya vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Karafuu zilichumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba na mikono ya watumwa. Pembe nazo zilitoka bara, mwendo wa majuma na miezi, zikichukuliwa mabegani na wapagazi, wengine watu huru wafanyao kazi kwa ujira, wengine watumwa. Huko Marekani pembe zilikatwa zikafanywa vitana na vifunguo vya vinanda. Binti wa tajiri aliyejifunza kupiga kinanda katika nyumba ya New York aligusa kwa ncha za vidole vyake ndovu wa nchi ambayo hakuweza hata kuitaja jina.

Je, mji ambao Ahmad bin Naaman aliuona ulikuwa namna gani? Tusimpe macho yetu ya leo. Hakukuta majumba marefu yaliyokaribia mawingu, wala sanamu ya Uhuru mlangoni mwa bandari, kwani hiyo ilizinduliwa mwaka wa 1886. Daraja kubwa la Brooklyn lilifunguliwa mwaka wa 1883, na Brooklyn yenyewe ilikuwa mji mbali. Katika hesabu ya watu ya mwaka ule ule wa 1840, New York ilikuwa na watu 312,710. Ulikuwa mji mkubwa kuliko yote ya Marekani, lakini ulikuwa bado una makovu ya moto mkuu wa Desemba 1835, ulioteketeza sehemu kubwa ya mtaa wa wafanyabiashara. Tena mji huo ulikuwa na dhiki ya maji. Nilipolisema jambo hili darasani, wanafunzi walicheka kwa mshangao, kwa maana hawakudhani ya kuwa mji wa matajiri waweza kulia kiu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Visima vya mji vilikuwa vichafu na maradhi yalitoka humo. Maji safi yaliletwa kwa mfereji wa kujengwa kutoka mto Croton, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, nayo yalifika mwaka wa 1842. Ahmad alikuja miaka miwili kabla ya maji.

Watu wa mji huo walikuwa mchanganyiko. Walikuwamo wazao wa Waholanzi, ambao ndio walioujenga hapo mwanzo na kuuita New Amsterdam, na wazao wa Waingereza waliouchukua kwao mwaka wa 1664. Walikuwamo Waairishi na Wajerumani, nao waliendelea kumiminika kila mwaka, hata ilipofika mwaka wa 1855 zaidi ya nusu ya wakazi wa mji walikuwa wamezaliwa katika nchi za ng'ambo. Walikuwamo na watu weusi, ambao wazee wao waliletwa kwa nguvu kutoka Afrika. Utumwa ulikomeshwa katika jimbo la New York tarehe 4 Julai 1827, na mwaka huo huo watu weusi wa mji walianzisha gazeti lao wenyewe. Lakini mtu mweusi hakuweza kupiga kura ila awe na mali ya thamani ya dola 250, na sharti hilo mtu mweupe hakuwekewa. Tena mtu huru aliweza kuibwa. Mwaka mmoja tu baada ya safari ya Sultana, mtu mweusi aitwaye Solomon Northup, mzaliwa huru wa jimbo hilo la New York, alidanganywa, akatekwa nyara, akauzwa utumwani katika majimbo ya kusini, na akakaa huko miaka kumi na miwili.

Yawezekana kwamba mchanganyiko wa watu haukumshangaza Ahmad hata kidogo. Unguja aliyoiacha ilikuwa na Waswahili, Waarabu wa Omani na wa Hadhramaut, Wahindi wa madhehebu mbalimbali, Wangazija, Wabaluchi, na watu wa bara wa makabila mengi. Mtu aliyezoea kusikia Kiswahili, Kiarabu na Kigujarati katika forodha moja hatishwi na Kiairishi na Kijerumani. Wengi hudhani kwamba mji wa mchanganyiko ni jambo la Marekani, na kwamba sisi tuliishi kila kabila peke yake mpaka tulipoonyeshwa dunia. Bandari za pwani yetu zakanusha dhana hiyo. Hata soko la Isiolo, alikuzwa humo Mborana, Mmeru, Msomali, Msamburu na Mturkana, lakanusha.

Wenyeji walimpokea Ahmad kwa heshima. Baraza la Mji lilimkaribisha na kumtembeza. Alipandishwa gari la moshi, ambalo wakati huo lilikuwa jambo jipya hata kwa Wamarekani wenyewe, akapelekwa katika kisiwa cha Long Island mpaka mahali paitwapo Hicksville. Tukumbuke ya kuwa reli ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1896. Basi mtumishi wa Unguja alipanda gari la moshi zaidi ya nusu karne kabla ya chuma cha kwanza kulazwa katika nchi yetu. Merikebu Sultana ilikuwa imechakaa kwa safari, nayo ilipelekwa katika kiwanda cha manowari cha Brooklyn, ikatengenezwa kwa gharama ya serikali ya Marekani. Mchoraji Edward Mooney aliombwa kuichora sura ya mjumbe. Picha hiyo ya rangi za mafuta imo katika jumba la makumbusho la Salem: mzee mwenye ndevu na kilemba, macho yake yametulia, naye ni kama mtu aliyezoea kungojewa.

Hadithi ya zawadi ina mafunzo ya namna yake. Seyyid Said alimpelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili wa Kiarabu, lulu, upanga wenye mapambo ya dhahabu, mafuta ya waridi, shali na vitu vingine vya thamani. Kwa desturi za mashariki, na kwa desturi zetu pia, zawadi ya mtawala hairudishwi. Kuirudisha ni kumpiga kofi aliyeituma. Lakini sheria kuu ya Marekani yamkataza kila mtumishi wa serikali kupokea zawadi ya mfalme wa nchi nyingine ila kwa idhini ya baraza la Kongresi. Rais akawa katika shida kati ya adabu na sheria. Mwisho Kongresi ilikubali zawadi zipokewe, lakini ziwe mali ya serikali na si mali ya Rais. Farasi wakauzwa, fedha zikaingia katika hazina, na baadhi ya vitu vingine vikawekwa mahali pa kutazamwa na watu. Nimewauliza wanafunzi wangu kama kiongozi wa siku hizi aliyeletewa farasi wawili angekubali kuwaona wakiuzwa kwa faida ya hazina. Majibu yao sitayaandika hapa.

Tarehe 9 Agosti Sultana ilitweka matanga kurudi, na mwezi wa Desemba ilikuwa Unguja. Ilibeba zawadi za Marekani kwa Seyyid Said, miongoni mwake bunduki na bastola za mtindo mpya. Ilibeba pia shehena ya biashara: bunduki, baruti, shanga, sahani za kauri, na zaidi ya yote marobota ya nguo. Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa kuwa nguo hiyo ndiyo iliyotufikia sisi wa bara.

Ilikuwa nguo ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi, na watu wa pwani waliiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na majimbo jirani. Misafara iliichukua kutoka pwani mpaka ndani kabisa ya bara, ikawa ni fedha kabla ya fedha: mtu alinunua chakula kwa merikani, alilipa hongo kwa merikani, alipata pembe kwa merikani. Wafugaji waliovaa ngozi wakaanza kuvaa shuka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka wa 1861 hata 1865, viliipunguza biashara hiyo, na viwanda vya Bombay vikashika nafasi yake. Lakini jina halikufa, na nguo ya Bombay nayo iliitwa merikani.

Na pamba ya kufumia nguo hiyo ilitoka wapi? Massachusetts hakuoti pamba, baridi ni kali mno. Pamba ilitoka katika majimbo ya kusini, nayo ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa, watu ambao babu zao walitekwa Afrika. Hebu fikiri. Mwafrika mmoja alichuma pamba huko Georgia au Mississippi kwa lazima. Mwafrika wa pili alibeba pembe kutoka bara ya Afrika ya Mashariki, naye huenda alikuwa mtumwa pia. Jasho la wa kwanza likabadilishwa kwa jasho la wa pili katika forodha ya Unguja, na hao wawili hawakujuana wala hawakupata faida. Waliojuana ni wenye merikebu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha jinsi biashara yaweza kuwaunganisha watu bila kuwakutanisha. Ahmad bin Naaman mwenyewe, mtu mwenye busara na heshima, aliishi kwa mali ya watumwa nyumbani, akaenda akala chakula na wafanyabiashara waliotajirika kwa pamba ya watumwa. Wala mwenyeji wala mgeni hakuwa na haki ya kumnyoshea mwenzake kidole.

Sasa nirudi katika mto wetu. Wakati Sultana ilipokuwa bandarini New York, mtu tajiri kuliko wote wa Marekani aliishi katika mji huo. Aliitwa John Jacob Astor, mhamiaji wa Kijerumani aliyepata mali kwa kuuza ngozi za wanyama na kununua viwanja vya mji. Alikufa mwaka wa 1848. Mwaka wa 1892 kilembwe wake, William Astor Chanler, kijana wa miaka ishirini na mitano, alifika Lamu akiwa na fedha nyingi na hamu ya kujulikana. Alikuwa pamoja na Ludwig von Höhnel, ofisa wa manowari za Austria, na wapagazi wengi kutoka Unguja. Wakapanda kwa njia ya mto Tana, kisha wakashika Waso Nyiro. Walikuwa wamesikia habari za Lorian, na Chanler alitumaini kukuta ziwa kubwa. Alikuta kinamasi. Hata hivyo jina lake lilitiwa katika ramani, na maporomoko ya Waso yaliyoko juu ya Merti yangali yakiitwa kwa jina la Chanler. Baadaye alikuwa mbunge wa New York katika Kongresi.

Waborana wengi wa Waso hawakuwako huku wakati huo. Waliletwa hasa katika miaka ya 1930 kutoka upande wa Wajir, kwa amri ya serikali ya kikoloni. Lakini wafugaji wengine walikuwako, na wote walikuwa na majina yao kwa kila kisima na kila kilima. Nalinganisha wageni wawili. Ahmad alifika New York akakaa miezi mitatu, akatazama, akatazamwa, akaondoka, na hakuna mtaa wala kijito alichokipa jina lake. Chanler alipita Waso, na maporomoko yakawa yake. Wala si kwamba mmoja alikuwa mwungwana na wa pili mjeuri. Ni kwamba mmoja alikwenda kwa watu wenye kalamu na wino wa kuchora ramani, na wa pili alikuja na wino wake mwenyewe.

Sasa nifike katika jibu langu la kwanza, lile la 1959, ambalo kwa kweli halikuwa baya lote. Tarehe 9 Septemba mwaka huo ndege iliyokodiwa ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81, karibu wote kutoka Kenya. Aliyefanya kazi ya kuwatafutia nafasi katika vyuo alikuwa Tom Mboya, pamoja na rafiki yake Mmarekani William Scheinman. Na waliotoa majina yao ili fedha za nauli zipatikane walikuwa Wamarekani weusi mashuhuri, Jackie Robinson mchezaji, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji. Mwaka uliofuata, baada ya Mboya kuonana na Seneta John Kennedy, mfuko wa ukoo wa Kennedy ulitoa dola 100,000, na ndege nyingine zikaenda. Katika kundi la 1960 alikuwamo Wangari Maathai, ambaye mwaka wa 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Yeye ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi New York ilivyowashangaza kwa majumba na ngazi zitembeazo zenyewe. Na jinsi, walipokuwa njiani kwa basi kwenda Kansas, walivyokataliwa kuketi katika mkahawa wa Indiana kwa sababu ya rangi yao. Miaka 120 baada ya mabaharia wa Sultana, Mwafrika aliweza kuingia mjini kwa heshima, na nje ya mji akanyimwa kiti.

Je, kutoka kaskazini alikwenda nani? Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipotaka kufika, naye alifika kwa swali la pili. Wakati huo Isiolo ilikuwa katika Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, lililofungwa na serikali ya kikoloni kwa sheria ya mwaka wa 1902 na nyingine ya mwaka wa 1934. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka ila kwa kibali. Shule zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mahali ambapo mtu huomba ruhusa ili afike Nanyuki, safari ya New York haimjii hata ndotoni. Na uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, vita vya shifta vilikuja pamoja nao. Watu wa Waso walikusanywa katika kambi za Merti, Garba Tulla na Modogashe, mifugo ikafa kwa maelfu. Wazee huuita wakati huo Gaf Daba, siku za kuzuiwa, na mtoto aliyefikia umri wa darasa la kwanza katika siku hizo hakuwa na darasa. Sisemi haya kwa kulalamika. Nasema kwa kuwa mwanafunzi aliuliza, na kwa kuwa mtu akisoma habari za ndege za 1959 bila kujua mlango wa Isiolo ulivyokuwa umefungwa, atadhani ya kuwa watu wa kaskazini walilala usingizi.

Leo mlango uko wazi zaidi. Katika miji ya Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, wamo maelfu ya Waoromo na Wasomali, na Kiborana ni ndugu wa damu wa lugha ya hao Waoromo. Mtoto wa Korbesa aliyefika huko angeweza kununua maziwa dukani kwa lugha ya mama yake. Nilipolisema hili, darasa zima lilipiga kelele, na somo likawa limevunjika.

Ramani ingali ukutani. Siku chache baadaye niliona kwamba mtu fulani amechora juu yake, kwa kalamu ya risasi, mstari mwembamba unaotoka Lorian kwenda Lamu, kutoka Lamu kwenda Unguja, kisha unashuka kusini, unaizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda mpaka New York. Ramani ni mali ya shule, na kuichafua ni kosa. Namjua aliyeichora. Sijamwambia aufute.